Fundi wa Ngozi na Mkwe Wake

Kwa miaka mingi niliamini, kwa moyo wangu wote na kwa akili yangu yote ya wakati ule, kwamba fundi wa ngozi wa Voi alikuwa na mwili mmoja na ndege wake. Ukimchoma ndege mwiba, damu inamtoka fundi. Ndege akikosa usingizi, fundi anapiga miayo kutwa, wateja wanaambukizwa na mtaa mzima unalala. Mwezi ndege anaponyonyoka manyoya, upara wa fundi nao unasogea nyuma upana wa kidole. Na usidhani haya niliyapata kwa watoto. Niliyapata stesheni, kwa watu wazima wenye kofia za kazi, watu waliojua kwa kichwa saa ya kila gari la moshi kutoka Mombasa mpaka Kisumu. Mtu anayejua saa ya gari la Kisumu utambishia nini habari za ndege?

Isitoshe, ushahidi ulikuwepo. Ndege alikuwa na kovu juu ya jicho la kushoto, fundi naye kovu juu ya jicho la kushoto. Ndege hali asubuhi, fundi hali asubuhi. Wote wawili hawapendi mbwa. Mimi nilikuwa mwanafunzi wa ngumbaru, yaani darasa la jioni la watu wazima, na tulikuwa tumeshafundishwa kujumlisha. Nikajumlisha.

Halafu ikaja siku bawa la yule ndege likavunjika, na siku hiyohiyo fundi akaanza kuchechemea. Hapo sikuhitaji tena ushahidi wa stesheni. Shida yangu ilikuwa nyingine: nilijua, au nilidhani najua, ni nani aliyelivunja lile bawa. Ni mimi.

Lakini nitafika huko. Kwanza mtu mwenyewe.

Nilimkuta tayari ni mzee, na kibanda chake cha mabati nyuma ya soko tayari kina kutu, kwa hiyo ya nyuma ya hapo siyajui na sitayabuni. Alishona viatu, mikanda, hatamu za punda na mifuko ya watu wa reli. Zamani aliwahi kumfanyia kazi Mzungu mmoja huko bara aliyefuga ndege wa kuwinda. Mzungu alipoondoka alimwachia glavu moja ya mkono wa kushoto na ujuzi ambao hakuna mtu mwingine aliyeuhitaji kutoka Mackinnon Road mpaka Taveta. Mtu mwingine angeitupa glavu. Yeye alitafuta ndege wa kuiingiza kazini.

Ndege alikuwa kozi, wa ukoo wa mwewe, tena jike. Kwa ndege hawa jike ndiye mkubwa na ndiye mwenye kazi. Dume, alisema fundi, ni mgeni wa nyumbani. Alimnasa mwenyewe huko chini ya kilima cha Sagalla, akamfundisha kukaa mkononi, kuruka, kukamata kwale na kanga, na kurudi akipigiwa mluzi. Akamwita Mkwe. Watu wakacheka, wakadhani ni mzaha wa mtu asiyempenda mama wa mkewe. Siku moja nilimuuliza.

"Wewe ukikutana na mama mkwe njiani unafanyaje?" akanijibu kwa swali.

"Nainamisha macho. Nampisha."

"Unamkodolea?"

"Mimi? Nina wazimu?"

"Unampigia kelele? Unamshika bega kumsalimia?"

"Fundi, kwetu milimani mtu akifanya hivyo anatozwa mbuzi."

"Basi na ndege huyu ni hivyohivyo. Ukimkodolea macho anajirusha, akijirusha anagonga ukuta, akigonga ukuta anavunja unyoya. Nimemwita jina la kunikumbusha adabu." Kisha akaongeza, bila kucheka, "Na mama mkwe wangu mwenyewe alikuwa mtu mzuri sana."

Kila aliyeingia kibandani ilibidi aingie kikwe: macho chini, sauti ndogo, ubavu ubavu. Niliona mpishi mmoja wa reli, jitu la futi saba, akiingia kuchukua kiatu kimoja huku ananyata kama mwizi wa mayai.

Mimi wakati ule nilikuwa kibarua wa waya wa simu katika shamba moja la mkonge nje ya mji. Tulisimamisha nguzo na kuvuta waya kutoka ofisini mpaka kwenye pampu ya mto. Nguzo hizo nilizipanda kwa kasi ambayo nyani wa Voi bado wanaisimulia. Kwa sababu hiyo fundi aliniita Waya. Si "Bwana Waya", si "mtu wa waya". Waya. "Waya, nipe ile sindano. Waya, funga mlango, upepo." Nililipenda jina hilo, mwanzoni.

Sasa, anayefikiri kufuga ndege wa kuwinda ni raha na fahari, angekaa na fundi wiki moja. Fundi hakuona ndege. Aliona hatari zilizovaa manyoya. Alizungumza juu ya nyayo za Mkwe kama mkulima anavyozungumza juu ya mvua. Kigingi alichokalia ndege kilikuwa kimeviringishwa kamba ya mkonge iliyopigwapigwa mpaka ikalainika, kwa sababu ndege akikalia mti mgumu siku nyingi, unyayo hufanya jipu, na jipu la unyayo likishaingia halitoki. Kila Jumamosi aliifumua kamba na kuviringisha nyingine, na jioni alimgeuza Mkwe miguu juu na kukagua nyayo kwa miwani ya kushonea.

"Fundi, viatu vyangu viko wapi? Hii ni wiki ya tatu," alilalamika mteja mmoja nikiwepo.

"Wewe una viatu vingine?"

"Ninavyo hivi nilivyovaa."

"Basi una soli. Mkwe hana. Kaa kwanza."

Kila asubuhi alimpeleka Mkwe kupimwa uzito dukani, kwa mwenye duka mmoja, mtu wa pwani mwenye Kiswahili cha kunyooka na ulimi wa kunyooka zaidi. Akizidi uzito, ndege hana njaa, na asiye na njaa haitiki mluzi. Akipungua sana hana nguvu, anaruka kama shati lililopeperushwa kambani, na akianguka anaumia. Basi kazi yote ya fundi ilikuwa kumweka Mkwe katikati, kwenye uzani mmoja mwembamba kama ukingo wa wembe.

"Fundi, mizani hii nawapimia watu unga," mwenye duka alisema kila siku.

"Nitaifuta."

"Utaifuta kwa kitambaa gani? Hicho ulichomfutia ndege makucha?"

"Upande huu safi."

"Upande huo niliuona jana. Haya, mweke, mweke, wateja wasije wakamwona. Leo kapungua. Mwenyewe je, umepimwa lini? Maana naona shingo yako sasa nayo ya kozi."

Huo ulikuwa ukweli. Mtu aliyejua Mkwe amekula nini tangu Jumanne hakujua kama yeye mwenyewe amekula. Alisahau viatu vya watu, alisahau mazishi, alisahau kofia yake kichwani akaitafuta. Jambo moja tu la mwili wake mwenyewe lilimshughulisha, nalo ni chai. Chai ya tangawizi, ya moto wa kuunguza, na ikipoa hakuinywa, aliimwaga chini kwa huzuni kama anayemwaga maji kaburini. Hata porini aliibeba katika chupa ya soda iliyozibwa kwa gunzi na kuviringishwa kipande cha blanketi. Alikuwa tayari kuchelewa popote, kwa mtu yeyote, ila si kwa chai inayopoa.

Alikuwa na kopo la bati lililojaa manyoya. Kila unyoya Mkwe alioangusha aliuokota, akaupima, akautunza kwa mpangilio: wa bawa la kulia, wa kushoto, wa mkia. Unyoya ukivunjika bawani, aliukata kwa wembe, akachukua mwenzake kutoka kwenye kopo, akayaunga pamoja kwa kipande cha sindano kilichopakwa gundi, na kesho yake ndege yuko hewani na unyoya wa mwaka juzi. "Mmoja ukivunjika, wa jirani unakosa wa kuegemea, nao unavunjika," alisema. "Usingoje wa pili." Stesheni walilichukua hilo wakalitangaza kwamba fundi anashona ndege waliokufa na wanafufuka. Hilo sikuliamini. Nilikuwa na mipaka yangu.

Na miiba. Kila jani la mkonge huishia kwa mwiba mweusi kama msumari, na kozi akimfukuza kwale chini chini kati ya mistari hana breki. Fundi alitangulia na panga, akizikata ncha za majani yote pembeni mwa njia aliyotaka kumrushia ndege. Alikata ncha nyingi, nakuambia, kama zingepandwa zingeota shamba lingine mpaka Maungu. Nyapara wetu akamkuta.

"Fundi, huu mkonge una mwenyewe."

"Mkonge chukueni. Mimi nachukua ncha tu."

"Ncha nazo zina mwenyewe."

"Basi mwambie aje azichukue, nimemkusanyia pale."

Nyapara aliangalia rundo, akaniangalia mimi, akaondoka. Tangu siku ile hakunipenda, ingawa panga halikuwa langu.

Lile kovu la jicho sasa nilieleze. Akina mama wa Makwasinyi, kule chini ya Kasigau, walisikia habari za kozi, wakatuma watu: ndege wadogo wanatumalizia mtama, njoo na mnyama wako. Tukaenda kwa lori, nikiwa nimeomba ruhusa ya siku mbili kwa sababu ya shangazi aliyekufa, ambaye hakufa. Ndege wa mtama walikuwa wingu. Mkwe hakukamata hata mmoja. Alikaa tu juu ya kigingi katikati ya shamba akiangaza, na wingu lile likahamia kwa majirani. Wenye shamba wakashangilia, majirani wakanuna. Jioni Mkwe akatua karibu na nyumba ya bibi mmoja mwenye vifaranga. Bibi hakuuliza kitu. Akachukua kifuniko cha sufuria akakirusha. Fundi aliona kinakuja, akajitia katikati, lakini hakuwahi vizuri: kifuniko kikamparuza Mkwe juu ya jicho la kushoto, kikapaa, kikamkata fundi juu ya jicho la kushoto. Kifuniko kimoja, kwa wote wawili. Bibi akaja mbio na maji ya chumvi akiomba radhi.

"Muoshe kwanza yeye," fundi akasema, damu ikimdondoka kwenye shati.

"Nani?"

"Mkwe."

"Mkwe wako yuko wapi tena, baba? Nimempiga na mkweo?"

Kwa hiyo mimi, katika watu wote wa Voi, niliona kwa macho yangu kovu lile lilivyopatikana. Na bado niliamini. Nilijiambia kifuniko chenyewe kilijua kwamba ule ni mwili mmoja. Ukitaka kuamini jambo, hata kifuniko cha sufuria kitakusaidia.

Lakini hatari kubwa kuliko zote, kwa maneno ya fundi, haikuwa mwiba wala kifuniko wala tai wa angani. Ilikuwa kitu alichokitengeneza kwa mikono yake mwenyewe. Ndege wa kuwinda huvaa vikanda viwili vifupi miguuni, kimoja kila mguu, na hivyo havivuliwi. Kisha upo mkanda mrefu, kama urefu wa mkono, unaoviunga viwili hivyo na kumfunga ndege kwenye kigingi au kwenye glavu. Kabla ya kumrusha, mkanda mrefu lazima ufunguliwe. Akiruka nao, unaburuta nyuma yake, unazunguka tawi la kwanza, ndege anabaki amening'inia kichwa chini, na hapo usiniulize.

Fundi hakuiamini akili yake kwa jambo hilo, na kwa mtu aliyesahau kofia kichwani mwake sikumlaumu. Alikuwa na dawa: akiufungua mkanda mrefu aliung'ata kwa meno, akabaki nao mdomoni mpaka ndege arudi. "Ukiwa mdomoni, hauko mguuni," alisema. Kwa hiyo wakati wa kuwinda fundi alikuwa bubu. Alikuelekeza kwa mkono na nyusi, mkanda ukining'inia pande zote mbili kama masharubu ya kambare, na ukimuuliza swali alikujibu baada ya nusu saa, wewe umeshalisahau swali lenyewe.

"Mkanda mrefu hauruki" ikawa methali yake, na aliitumia kwa kila kitu. Mtu anahamia Mombasa bila kumuaga mama yake: mkanda mrefu hauruki. Lori limeng'oka na kamba ya mzigo inaburuta: mkanda mrefu hauruki. Alialikwa harusini kule Mwatate, akaombwa amwase bwana harusi. Akasimama, akafikiri muda mrefu, akasema, "Kijana, kabla hujamrusha, fungua mkanda mrefu," akakaa. Watu waliangaliana. Mchungaji, mtu wa hekima, akasema, "Amina."

Sasa ya waya.

Tulipofikia nguzo za karibu na mto, mahali fundi alipozoea kumrushia Mkwe, alinijia na chupa yake ya chai.

"Waya, ule waya wako ndege hauoni. Ni mwembamba, na jua liko machoni. Ukiuvuta, tundika vitambaa. Kila hatua kumi, kitambaa. Chekundu ni kizuri."

"Nitatundika, Fundi. Hata bendera nitatundika."

"Vitambaa tu."

Akanipa kipande cha kitambaa chekundu alichokitoa dukani, mkono mzima. Nilikichukua kwa nia safi. Lakini jioni ile ngumbaru tulikuwa tunaanza herufi za kuunganisha, na kibao changu hakikuwa na cha kufutia. Nikachana kipande kidogo. Kesho yake kikalowa, nikachana kingine. Nisikufiche: kitambaa chote cha Mkwe kiliishia kufuta "ng'ombe" na "ng'ambo", maneno yaliyonishinda wiki mbili nzima. Waya tukauvuta. Nikasema nitatundika kesho.

Kesho yake nikiwa juu ya nguzo nilimwona fundi anatoka vichakani. Kifua wazi. Shati lake amelikunja mikononi, na ndani ya shati kuna kichwa cha Mkwe, macho yamefumba nusu. Fundi alikuwa anachechemea, mguu wa kulia anauburuta, na mikono yake imechanwachanwa kwa miiba mpaka viwikoni. Alipita chini ya waya wetu bila kuinua macho.

"Kuna nini, Fundi?" nyapara aliuliza.

"Bawa," fundi alisema, akapita.

Nyapara akamfuata kwa macho mpaka akapotea. Kisha akainua uso kuniangalia kule juu, taratibu, kama mtu anayesoma barua.

"Waya huu umemkata ndege wa mzee," akasema.

Kufika jioni mji mzima ulishajua: ndege kagonga waya, bawa limevunjika, na fundi, kwa kuwa ni mwili mmoja naye, kavunjika mguu palepale alipokuwa amesimama. Watu walimuuliza. Hakusema ndiyo, hakusema siyo. Alikuwa akifunga bawa kwa banzi za mwanzi na ngozi laini, na anayefunga mfupa wa ndege, mwembamba kama kijiti cha kiberiti, hazungumzi.

Mimi nilikwenda usiku uleule nikatundika vitambaa. Nilichana shati langu, nikachana la pili, nikachana leso. Asubuhi watu waliotoka kwenye gari la Mombasa waliuliza ni sikukuu gani.

Mkwe hakufa. Mfupa uliunga, lakini uliunga vibaya, na hakuruka tena. Alikuwa akitembea kibandani kama kuku mwenye cheo, akipanda kigingi kwa ngazi ndogo ya ngozi aliyotengenezewa. Mguu wa fundi nao uliunga vibaya. Walizunguka humo ndani wawili wale, mmoja anaburuta bawa, mmoja anaburuta mguu, na kila nilipoingia nilijumlisha upya na kupata jibu lilelile. Ndege mmoja na mtu mmoja, na mkosaji mmoja.

Ndipo nikaanza kuleta panya. Nilitega ghalani, nikatega jikoni kwa watu, nikatega stesheni. Kila siku panya wawili, watatu, kwa miezi na miezi. Niliangamiza panya wa Voi hivi kwamba paka walihamia Ndara kutafuta maisha. Fundi alipokea, akasema, "Ahsante, Waya," na kila mara aliposema Waya, jina lile liliniingia kama mwiba wa mkonge. Nilidhani ananisema. Nilidhani anangoja nifungue mdomo. Nami kila siku nilijiapia nitasema leo, na kila siku niliweka panya juu ya gogo lake la kushonea nikaondoka. Ningeanzia wapi? Kwamba umelemaa kwa sababu "ng'ombe" ilinishinda?

Baadaye binti yake aliyeolewa Mboghoni, kule Taveta kwenye migomba na mifereji, alikuja akamchukua. Kibanda kikafungwa. Fundi alipanda gari la Taveta na Mkwe ndani ya kikapu, kopo la manyoya kwapani, na chupa ya chai mkononi. Nilimbebea glavu mpaka dirishani. Nilifungua mdomo, gari likapiga honi, nikaufunga.

Mimi nikamaliza ngumbaru, nikapata cheti, nikafanywa karani wa mizigo pale stesheni. Miaka ile ya hamsini ilikuwa inaelekea mwisho. Siku moja ikafika habari kutoka Mboghoni kwamba Mkwe amekufa, tena kwa uzee tu, na mzee mwenyewe hatoki kitandani. Hapo nikaogopa kweli. Kwa hesabu yangu, ndege akishakufa, fundi ana wiki. Nikaomba ruhusa, safari hii bila kuua shangazi, nikapanda gari la Taveta.

Nilimkuta ameketi nje kwenye kiti cha ngozi, anashona kiatu cha mjukuu. Homa ya siku tatu, alisema, imeshapita. Binti yake alileta chai, ikifuka moshi. Fundi alikuwa mzima kama reli.

"Waya," akasema. "Umenenepa. Huleti panya?"

Nilikaa kwenye gogo. Nilikunywa chai ikaniunguza ulimi, nikashukuru, maana nilipata sababu ya machozi. Kisha nikasema yote kwa mpigo mmoja, macho chini kama kwa mkwe: kwamba waya ule niliuvuta mimi, kwamba vitambaa sikutundika, kwamba kile chekundu nilifutia kibao, kwamba bawa lile ni mimi na mguu ule ni mimi.

Aliweka kiatu chini.

"Panya wote wale," akasema, "ilikuwa hiyo?"

"Ndiyo, Fundi."

"Mimi nilidhani unampenda ndege."

"Nilimpenda pia."

"Mkwe hakugonga waya," akasema.

Niliinua macho. "Watu wote walisema waya."

"Walisema. Nikawaacha waseme. Waya hauoni aibu. Sikujua ule una mwenyewe."

"Sasa kama si waya, ni nini?"

"Aliruka na mkanda mrefu. Ukazunguka tawi la mgunga, akaning'inia. Nikapanda kumfungua, tawi likakatika, tukaja chini wote wawili. Basi."

Binti yake alikuwa amesimama mlangoni na birika. Hata yeye, niliona, alikuwa hajalisikia.

"Lakini mkanda, Fundi," nikasema, "si huwa mdomoni?"

Aliangalia kikombe chake, akakishika kwa viganja viwili kukipima joto.

"Siku ile mdomoni nilikuwa na chai," akasema.